Ndama wa Pikipiki

Safari ya Uturuki ilipotoka, wenzangu ofisini walinipongeza kwa ndege, kwa theluji, kwa posho. Mimi nilikuwa nawaza pikipiki. Ilikuwa kozi ya mbegu za pamba, ya miezi mingi, kuanzia msimu wa kuuza unapoisha hadi mvua zinapokuwa zimeshika barabara zote. Mkuu wangu wa kazi aliniambia nijiandae, nami nikaitikia huku macho yangu yako dirishani, pale ilipoegeshwa chini ya mwarobaini, kioo kimoja kimepinda na kiti kimeanza kuchanika pembeni.

Mimi ni afisa ugani. Kazi yangu ni kuzunguka vijijini nikiwaambia wakulima wang'oe mabua ya pamba kwa wakati, na kazi yao ni kuniambia kwamba watang'oa. Niliwahi kupewa pikipiki ya ofisi, ikachukuliwa na bwana mmoja mwenye cheo kunizidi ambaye alidai ana dharura, na dharura yake haijaisha hadi leo. Hii ni ya kwangu mwenyewe. Kabla yake nilikuwa mtu wa kuomba. Niliomba lifti, niliomba radhi kwa kuchelewa, niliomba ndugu wanisindikize, na kila niliyemwomba alijiona ana haki ya kujua ninakwenda wapi na kwa nini bado sijaolewa.

Nina chumba changu Bariadi mjini, cha kupanga, chenye kitanda, jiko la gesi na zulia nililolichagua kwa kujifurahisha mwenyewe. Baba yangu alifariki nikiwa chuoni, mama akarudi kwao Kimali, na tangu hapo baba mkubwa, kaka yake baba, ndiye mzazi. Kaya yake iko Zagayu, wilaya ya Itilima. Yeye na ukoo mzima walikuwa wakinitaka nirudi nijenge kwenye kiwanja cha marehemu, niwe karibu, nisaidie kumtunza bibi. Sikuwa nakataa kwa mdomo. Nilikuwa nakwenda Jumapili, nakula, nacheka, nasikiliza mashauri, na jioni napiga kiki naondoka. Kule kuondoka ndiko nilikokuwa nakulinda. Mtu akiniuliza pikipiki ilikuwa na thamani gani, hilo ndilo jibu langu, na ndiyo maana sikutaka kuiacha mikononi mwa mtu ambaye angejisahau akaifanya yake.

Nilitafuta pa kuiweka kwa wiki nyingi. Mama mwenye nyumba alikuwa tayari kunipa korido, lakini wakwe zake huja na kuondoka hapo bila kuhesabika, na mmoja wao alishaanza kupapasa kiti chake kabla hata sijakubali. Stoo ya ofisi niliikataa mwenyewe. Niliwahi kuona pikipiki ikiingizwa humo nzima na kutoka mifupa. Fundi wangu ni mtu mwema, ila kwa fundi kila pikipiki isiyo na mwenyewe ni duka la vipuri, na wema hauzuii hilo. Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa Shishiyu, aliniambia niipeleke kwake, ana chumba kitupu chenye mlango wa chuma. Nilishusha pumzi. Kisha akapata uhamisho na chumba kikaenda na uhamisho wake.

Ikabaki Zagayu. Sikupenda, lakini ukitazama usalama peke yake hakuna pa kulinganisha. Kaya ya baba mkubwa imezungukwa na ua wa minyaa mnene ambao hata mbuzi hapenyi. Kuna mbwa, kuna watu mchana kutwa, na kuna jina la mwenye kaya, ambalo mwizi wa Itilima hulifikiria mara mbili.

Niliipeleka Jumapili ya mwisho kabla ya safari. Baba mkubwa alinipa chumba wanachowekea pamba, ambacho kilikuwa kitupu kwa kuwa pamba ilishauzwa. Nikaifanyia kila kitu kama ilivyotakiwa. Nilimimina petroli yote kwenye dumu ili isigande kwenye kabureta. Betri niliichomoa nikaenda nayo mjini. Niliosha mnyororo nikaupaka grisi, nikatia matone ya oili kupitia tundu la plagi, nikaisimamisha juu ya matofali ili tairi zisiguse chini. Eksozi niliiziba kwa kitambaa, wadudu wasijenge. Juu nikafunika turubai na kulifunga kwa kamba, maana kuku wa pale hulala popote panapofanana na tawi, na panya wa chumba cha pamba wanapenda waya kuliko pamba.

Baba mkubwa alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma, akitazama yote hayo. Aliniuliza itakula nini muda wote huo. Nikamwambia haitakula kitu, ndiyo maana nimeitoa petroli. Aliitazama tena pale juu ya matofali, akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli, nikadhani hajanielewa. Bibi alikuwa barazani na mguu wake umefungwa khanga kuukuu. Alikuwa na kidonda kwenye kisigino kilichokataa kufunga, ana sukari, na kila nilipomwambia twende hospitali alisema hatapita mbele ya nyumba za watu akiwa amelazwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe, harufu ikimtangulia. Nilimwachia vidonge vyake, nikaondoka kwa bodaboda nimekaa nyuma, jambo ambalo lilinikera njia nzima.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo kila mtu wa kwetu analijua, nami nalijua, na halikunijia kabisa siku ile. Mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote zizini kwake. Huwapeleka wengine kwa ndugu au rafiki, hata wilaya nyingine, ili ugonjwa au ukame ukija usimkomoe mara moja. Anayepokea anawachunga, na kwa kuchunga kwake anakamua na kunywa maziwa. Ndama wakizaliwa ni wa mwenyewe. Na siku mwenyewe akija kuchukua wake, haondoki nao tu akawaacha watoto wa watu na vibuyu vikavu. Anaacha mmoja wa kukamuliwa. Hakuna anayeandikishana. Mtu asiyefuata hayo hatapata tena mahali pa kuweka hata kuku.

Basi mimi nilifika na mali yangu, nikaipitisha mlango uleule ng'ombe wanaopitia, nikaiacha kwa mkubwa wa kaya, nikaenda ng'ambo. Nilidhani nimehifadhi pikipiki.

Uturuki nilikaa bwenini, ghorofani, kwenye chumba ambacho dirisha lake lilifunguka upana wa kidole tu kwa sababu za usalama. Nilisoma vizuri. Walimu walikuwa wazuri, maabara zao zilinifanya nione aibu kwa zetu, na chakula nilikizoea. Lakini asubuhi hadi jioni nilikuwa ndani, kutoka jengo moja kwenda jengo lingine, kwa basi la chuo lililotupakia na kutushusha, na wikiendi mvua ya baridi ilitufungia. Nilikuwa sijakaa namna ile tangu bweni la sekondari. Hata kulalamika sikuweza, maana nani angesikiliza mtu anayelalamika kwa kupelekwa Uturuki.

Nilipiga simu nyumbani kila baada ya siku chache. Saa zao na zetu ni zilezile, kwa hiyo niliweza kujua kwa hakika kwamba sasa hivi ng'ombe wanatoka zizini, sasa hivi wanawake wako shambani. Kila mara niliuliza pikipiki, na kila mara baba mkubwa alijibu kwamba ni mhola, yaani salama, haina tatizo, kwa sauti ileile anayojibia habari za watoto. Nilianza kulala vizuri.

Kisha kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, akanitumia picha ya mwanawe aliyevaa sare mpya ya shule. Nilimsifu mtoto. Kisha nikaona kilicho nyuma yake. Nikaikuza picha hadi ikaanza kuvunjikavunjika. Pikipiki yangu ilikuwa uani, juani, haina turubai wala matofali, ina matope hadi kwenye tanki, na nyuma imechomelewa keria kubwa la chuma ambalo sikuwahi kuwa nalo.

Nilipiga hapohapo. Nilimwambia baba mkubwa kwamba pikipiki iko nje.

"Iko nje, mayu," alisema, akiniita mama kama wanavyowaita mabinti kwetu. "Imetoka kupeleka watu mnadani, imerudi sasa hivi tu."

Ufunguo nilikuwa nao mimi, ndani ya begi, chini ya kitanda cha Uturuki. Betri ilikuwa Bariadi kwa mama mwenye nyumba. Nilimuuliza waliiwashaje. Akanieleza bila kuficha chochote, tena kwa fahari: kijana wa sokoni aliunga waya mbili, na kaka yangu akapiga kiki. Ulinzi wangu wote ulikuwa wa kumzuia mtu asiyejua pikipiki, na Itilima nzima hakuna mtu wa namna hiyo.

Nilipandisha sauti. Nilisema niliiweka ilale, nilisema mara kadhaa. Aliniacha nimalize. Halafu akaniambia kwa upole kwamba ng'ombe asipokamuliwa kiwele huvimba, na kwamba fundi wa huko naye alithibitisha: pikipiki ikisimama miezi yote ile huganda. Hapo fundi hakuwa amesema uongo, na hilo lilinichoma zaidi. Nikamwambia airudishe ndani. Akasema sawa, mayu. Baba mkubwa habishani na mtu kwenye simu.

Baada ya siku chache nilipiga tena, nikauliza iko wapi. Akasema imempeleka bibi kwenye kituo cha afya kusafishwa kidonda. Bibi alikuwa amekataa mkokoteni, lakini pikipiki aliikubali. Anakaa juu, anatazama mbele, harufu inabaki nyuma. Sasa alikuwa anakwenda kila walipomwagiza, na muuguzi alikuwa amemwambia kaka yangu wazi kwamba kisigino kimeanza kupona ila akikatiza, mguu utakatwa.

Kama angeniambia inabeba mkaa ningepiga kelele. Kama angeniambia wameiuza ningepanda ndege. Lakini ningemwambia nini mtu mzima kama yule, kwamba mguu wa mama yake usubiri hadi nirudi? Nilisema vizuri, mpeni pole bibi. Nikakata simu, nikakaa kitandani na hasira ambayo haikuwa na mahali pa kwenda. Chumba kilikuwa kidogo na dirisha halikufunguka. Nililia kwa sababu ya pikipiki, na nilikuwa najua jinsi jambo hilo linavyosikika.

Tangu siku ile simu za Zagayu zilibadilika. Sikuuliza tena, lakini niliambiwa. Niliambiwa imebadilishwa tairi ya nyuma. Niliambiwa imempeleka mwanamke wa jirani kujifungua na mtoto ni mzima. Watu nisiowajua walinitumia shukrani, wabeja, wabeja sana, na kila shukrani niliisikia kama kamba nyingine inayofungwa. Mwishoni, nikiwa nimebakiza muda mfupi wa kurudi, baba mkubwa alipiga yeye mwenyewe, kitu ambacho huwa hafanyi. Alikuwa na furaha.

"Pikipiki yako imezaa," alisema.

Nilifikiri mtandao umekata maneno. Hapana. Kaka yangu alikuwa akiifanyia bodaboda, na kilichobaki baada ya mafuta na fundi na mahitaji ya nyumbani, baba mkubwa alikikusanya, akaenda mnadani, akanunua mtamba, ng'ombe jike mdogo ambaye bado hajazaa. Ndama ni wa mwenyewe. Alikuwa zizini kwake, ananisubiri, ana baka jeupe kwenye paji.

Nilicheka peke yangu mpaka mwenzangu wa chumba akaniuliza kuna nini. Nilijaribu kumweleza nikashindwa. Baba mkubwa hakuwa mwizi wala mjanja. Alikuwa amefanya kila kitu kwa unyoofu ambao mimi na vyeti vyangu nisingeweza, na unyoofu huo ulikuwa umenibana pande zote.

Nilirudi mvua zikiwa zimekomaa. Bariadi nilikaa kiasi cha kufua nguo na kuichukua betri, kisha nikapanda bodaboda kwenda Zagayu. Mpango wangu ulikuwa mmoja tu: nichukue pikipiki, nishukuru, niondoke kabla jua halijashuka. Kazi ilikuwa inanisubiri, vijiji vyote vina pamba shambani, na ofisi haikuwa na chombo cha kunipa.

Nilisalimia, mwadila, mwadila mayu, nikapewa kigoda. Pikipiki ilikuwa imeoshwa. Ilikuwa imechoka, kiti kimeshonwa kwa uzi wa gunia, mlio wake umekuwa mzito, lakini ilikuwa hai. Bibi alikuwa barazani, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alisimama kunipokea. Alinionyesha kisigino akikinyoosha mbele bila haya. Nyama mpya nyekundu ilikuwa imejaa pale palipokuwa na shimo, na katikati pamebaki sehemu ndogo ya kuziba. Nilifurahi, na sitaki mtu afikiri sikufurahi. Nilimkumbatia na huku kichwani najua kabisa kinachokuja.

Tulikula kwanza ugali wa mtama na mlenda. Kisha mtamba akaletwa uani ili nimwone. Wakaja pia mama mkubwa, kaka yangu na mkewe, na majirani wawili ambao walikaa kando kama watu waliopita tu. Baba mkubwa akanikabidhi. Alisema pikipiki ni hii, na ndama wake ni huyu, na kama kuna kilichopungua niseme mbele ya watu. Nikasema hakuna kilichopungua. Nikashukuru kwa maneno mengi. Halafu nikasema ninachokijua kuwa ni adabu: pikipiki naichukua, mtamba namwacha kwa ajili ya kaya.

Walipokea kwa heshima. Baba mkubwa akakuna goti.

"Mtamba hakamuliwi, mayu," alisema. "Bado hana maziwa."

Hakusema zaidi ya hapo, na hakuna aliyetazama mguu wa bibi. Wote walitazama chini, au walimtazama mtamba, ambaye alikuwa anakula ganda la muhogo. Nilielewa vizuri sana. Maziwa ya pikipiki ile yalikuwa ni safari za kituo cha afya, na mimi nilikuwa nataka kuondoka nayo nikiacha kibuyu kikavu.

Nikaanza kutapatapa. Nilisema nitatuma nauli, achukuliwe na bodaboda wa hapo kijijini. Kaka yangu alijibu kwa unyenyekevu kwamba wengine hawaingii huku kwenye matope, na yule anayeingia alimbeba bibi siku moja akasema kiti chake kinanuka. Nilisema muuguzi aje nyumbani. Majirani walitabasamu. Nilisema basi nitakuja mwenyewe kila mara, na nilipokuwa nalisema nikapiga hesabu ya njia, mvua na vijiji vyangu, sauti ikapungua kabla sentensi haijaisha. Hakuna aliyenilazimisha. Laiti wangenilazimisha. Ningekuwa na mtu wa kugombana naye, ningewasha pikipiki kwa hasira na hasira ingenifikisha Bariadi. Walikaa tu, wakiningoja nifike mwenyewe mahali walipokwisha kufika.

Ndipo bibi akasema kutoka barazani, bila kupandisha sauti, "Mwacheni achukue kitu chake. Mguu ni wangu."

Nilimgeukia. Hakuwa ananilaumu, alikuwa anamaanisha. Angekaa pale, asingeomba mkokoteni, asingeomba chochote, na kisigino kingeoza upya huku akiwaambia watu kwamba mjukuu wake ana kazi kubwa serikalini. Nilimpenda na nilimchukia kwa sentensi ile, vyote kwa pamoja.

"Nitaondoka na bibi," nilisema.

Mdomo ulikuwa umetangulia. Mama mkubwa aliinuka palepale akaingia ndani, akatoka na furushi la bibi limeshafungwa, kitenge kizuri, fundo lililokazwa. Mpaka leo sijui lilifungwa lini. Sijauliza, kwa sababu kila jibu lingeniudhi.

Waliniwekea betri, wakamimina petroli, wakampandisha bibi nyuma yangu na kumfunga kiunoni kwangu kwa khanga mbili ili asiteleze. Baba mkubwa alitembea nasi hadi kwenye njia kubwa, mikono nyuma. Alinishukuru. Nadhani alikuwa na machozi, ila ilikuwa inanyesha.

Njiani ndipo nilipojua pikipiki yangu imekuwa mtu mashuhuri. Kwenye kila kaya watu walitoka na kupunga mikono, na walipoona kwamba anayeendesha si kaka yangu walishangaa. Bibi aliwajibu wote. Aliniamuru nisimame hapa nimsalimie mama fulani, nipunguze pale kuna shimo, nishike kushoto kwa sababu kulia maji hayajaisha. Aliijua njia ile kuliko mimi. Mikono yake ilikuwa imenishika tumboni kwa nguvu, kidevu chake begani kwangu, na niliposema anyamaze nisikilize injini, alinyamaza mpaka kaya iliyofuata.

Sasa tunaishi wawili kwenye kile chumba. Kitanda ni chake, mimi nina godoro sakafuni, na zulia limekunjwa kwa sababu linamtega. Hospitali iko karibu, kwa hiyo kidonda kilifunga chote kabla ya pamba kuanza kuvunwa. Sukari haikufunga, na haitafunga. Kuna vidonge vya asubuhi na vya jioni, kuna chakula chake mbali na changu, kuna macho ambayo yameanza kumsumbua. Anazungumza na wapangaji wote. Amewaeleza habari za pikipiki tangu mwanzo, na sasa mtoto akipata homa au mama akizidiwa, hodi inapigwa kwangu, na kabla sijajibu yeye ameshasema nipo, nitawapeleka. Nikienda vijijini anauliza narudi lini. Nikichelewa nakuta hajala. Zagayu hawanipigii tena kuniambia nirudi nijenge. Hawana haja.

Juzi mkuu wangu wa kazi aliniita. Wale wa Uturuki walipenda nilivyosoma, wanataka nirudi, safari hii kwa muda mrefu zaidi, nitoke na shahada. Nafasi ni moja na jina langu wameliandika wao wenyewe. Aliyasema yote hayo huku akitabasamu, kisha akaniuliza kama niko tayari.

Nilimwambia sina pa kuiacha pikipiki.

Alicheka sana, akamwita na mwenzetu wa chumba cha pili aje asikie, wakacheka wote. Aliniambia nimletee jibu kesho, jibu la maana. Nilitoka nje, nikapiga kiki, nikaenda kumpa bibi vidonge vya jioni.